Mbegu Bado Iko kwa Gunia

Mama Mirumbe rafiki yangu,

Hiyo mbegu mpaka leo iko kwa gunia, haijaguswa. Lakini Jerusha, mke wa kijana yangu, ndiye anashika kalamu, na anasema ati salamu ndiyo inakuja mbele. Haya, habari ya Kehancha? Goti yako imepona, ama bado unaikanda na mafuta ya ng'ombe? Hapa Uriri tuko wazima, ni njaa tu imetuzoea. Watoto wa Jerusha wanakula muhogo asubuhi, na jioni wanakula ile imebaki.

Sasa ukisikia sokoni ati mimi Zilpah nimekataza wamama kupanda, hadithi yenyewe ndiyo hii.

Ilikuja gari kutoka Homa Bay na kijana anaitwa Nicanor. Ananuka sabuni mpaka nzi wanakimbia, viatu vinalia kama vifaranga. Akasema kuna watu wanasaidia vikundi vidogo vya wamama na mambo ya chakula. Watatupa mbegu ya mtama na ya osuga, ile mboga chungu, majembe, na mbao ya kujenga ghala. Tulime pamoja, tugawe mboga, inayobaki tuuze. Osuga! Mimi nimepika osuga kabla mama yake hajaota meno, na yeye ananifundisha ati inaongeza damu. Wamama wakapiga makofi. Hao hata wakiletewa mawe kwa gari watapiga makofi.

Shamba wakachagua yetu, ya marehemu bwana yangu Zadock, ile iko karibu na mto. Mwenyekiti wakachagua Moraa, mke mwenza wangu, yule alikuja nyuma yangu kutoka Kisii. Kwani anajua nini? Kusoma! Ugali yake ukitupa kwa ukuta inashika mpaka Krismasi. Na huo mdomo haujui kufunga, hata akiwa peke yake anaongea.

Nicanor akasema Moraa ndiye atatia mbegu ya kwanza, yeye apige picha apelekee wakubwa wake. Nikamuuliza yeye ni mtoto wa wapi. Kwa boma ya Mjaluo mikayi, mke wa kwanza, ndiye anapanda mbele, wengine wanafuata. Mdogo akitangulia, chira, ile laana ya kuvunja mila, inaingia boma na watoto wanakauka tukiwa hapo. Akacheka. Akasema mbegu haijui nani ameolewa mbele. Nikarudi kwa nyumba yangu nikakaa.

Siku ya kupanda nilisikia yote nikiwa ndani. Mama Cliff akasema mpini ya jembe yake imelegea. Bonareri akakumbuka ameacha maziwa kwa moto, na hana hata ng'ombe. Moraa mwenyewe akanyamaza, kitu sijawahi kusikia. Hakuna mtu anasogea. Mwisho vile vifaranga vya viatu vya Nicanor vikalia mpaka mlangoni kwangu, na sasa naitwa mama, ati mama tafadhali, kuja utie hata moja. Nikamwambia si mbegu haijui? Akaenda na kamera yake bure.

Lakini aliacha neno. Mvua ikianza na shamba bado ni tupu, anakuja kubeba kila kitu apelekee kikundi ya Kisegi. Kisegi, watu wako na samaki mlangoni!

Mvua imeanza jana. Wamama wamekuja kunibembeleza na sukari. Nimekunywa chai yao na nimekataa. Jerusha naye haongei na mimi, ni kalamu tu nasikia, kwa sababu watoto wake ndio watakula hiyo muhogo mpaka lini.

Mama Mirumbe, wewe sikufichi. Jerusha, andika, na ukisema mahali tutakosana. Hasira yangu kwa Nicanor iliisha siku ile ile. Ni macho. Macho yangu imeenda. Iko moshi kila mahali, na jikoni hakuna moto. Hapa kwa boma natembea kwa sababu miguu inajua. Huko kwa mto sitajua mstari uko wapi, nitamwaga mbegu kwa majani, hao wapiga makofi wakiangalia, na Moraa akiwa hapo mbele. Si afadhali waseme Zilpah ana kiburi? Hiyo nimezoea kusemwa.

Nilitaka uje. Tungetembea mkono kwa mkono kama wazee wanapiga hadithi, tukifika mahali pa shimo ungenifinya kidogo, basi.

Ngoja. Moraa ananiita huko nje, sauti kama kuku amekanyagwa mguu. Anasema nini huyo? Ati mikayi toka, amechimba shimo ya kwanza hapa nyuma ya nyumba yangu, ardhi yote si ni ya Zadock. Ati wamama wako kwa mto na majembe, wanangoja tu kusikia nimetia. Ati nifuate sauti yake.

Nifuate sauti yake! Jerusha, ni wewe umemwambia? Anaapa sio yeye, sasa analia juu ya karatasi. Kwa hivyo huyo mjinga amejua tangu lini? Na akanyamaza, na huo mdomo wake wote!

Basi usikimbie kuja. Kuja osuga ikiota, nitakupikia na maziwa. Salimia Mirumbe na watoto wake wote. Jerusha, weka jina yangu hapo chini, Zilpah, kisha unipe fimbo.

Nimesikia, Moraa, nakuja. Unapiga kelele kama niko kisiwani Mfangano. Ongea pole pole. Lakini ongea, usinyamaze.