Tundu la Kipini

Jumatatu, 1 Desemba

Soko la samaki la Dunga na Mama tena. Nimeparua magamba ya samaki, ngege, mpaka vidole vikawa kama si vyangu. Asubuhi ziwa lilikuwa jeupe, huoni linapoishia, na mashua zilitokea ndani ya ukungu kana kwamba zinaumbwa hapo hapo. Kazi ilipopungua nikajitazama kwenye kioo cha simu. Gamba la samaki lilikuwa limenata puani, upande wa kushoto. Pale pale kipini changu kilipokuwa. Lilimetameta. Sikulitoa. Nimeuza nalo mpaka adhuhuri, nikajibu wateja nikiwatazama machoni. Kisha Mama akaliona. Akalibandua kwa ukucha, akarudi kwa samaki wake.

Jumatano, 3 Desemba

Nimejaribu mwenyewe. Nimekichemsha kipini changu cha zamani, nikakipaka mafuta, nikasukuma. Kimeingia kidogo, kikakwama. Ndani kuna ngozi ngumu. Machozi, makamasi, tone la damu. Nimeacha.

Tundu lilifunga nikiwa shule ya bweni, mwaka jana. Shule ilikuwa upande wa Muhoroni, kwenye kiwanda cha sukari, hewa yote inanuka molasi. Vipini vilikatazwa. Wasichana waliotoboa masikio huweka kijiti cha ufagio ili tundu lisizibe, nami nikaweka changu puani. Ujinga. Sikioni hakionekani, puani kinaonekana. Mwalimu wa zamu alinishika kidevu, akakivuta mbele ya paredi nzima. Walicheka. Nilipofika nyumbani likizo, ngozi ilikuwa imeshajifunga.

Tangu hapo nikiongea naziba pua kwa mkono. Kilikuwa kitu kidogo sana. Lakini watu walikitazama chenyewe, nami nikapumua nyuma yake. Sasa wananitazama mimi.

Alhamisi, 4 Desemba

Rehema wa mlango wa pili amenipeleka kwa mama yake. Mama Rehema ndiye aliyetutoboa, mimi na Rehema, siku moja, tukiwa kidato cha pili. Kwa sindano na uzi. Rehema alisoma shule ya kutwa, hawakumsumbua, kipini chake bado kiko. Namwonea wivu. Nampenda pia.

Mama Rehema alinigeuzia uso kwenye mwanga wa mlangoni, akabonyeza pua. Limefunga kabisa, akasema, kovu litauma kuliko mara ya kwanza. Nikamwambia niko tayari. Sauti ilitoka kubwa. Rehema akacheka: "Wee! Akinyi leo amemeza spika!"

Kisha mama yake akasema hatoboi.

Kwao msichana hushikwa kichwa na mama yake. Si rafiki, si jirani. Mara ya kwanza marehemu nyanya yake Rehema ndiye aliyetushika sisi sote. Nyanya alidhani Mama Rehema ameshamwambia Mama yangu. Mama Rehema alidhani nyanya ndiye aliyemwambia. Mimi nilidhani watu wazima wameongea. "Mama yako alitoka Dunga akakuta kazi imeisha," akasema. "Safari hii aje mwenyewe. La sivyo, sindano yangu inalala."

Basi, nimekwisha. Mama ni mtu wa kanisa mpaka kwenye mifupa. Hatakuja.

Jumapili, 7 Desemba

Wakati wa mahubiri nimepanga maneno ya kumwambia Mama. Tumerudi kwa miguu, njia nzima, jua kali, vivuli vyetu vifupi kama watoto wawili. Sikusema. Nauchukia mdomo wangu.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimesema.

Tulikuwa tunaanika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu, tumepeana migongo. Labda ndiyo maana nikaweza. Nikasema nataka kutobolewa tena.

"Mungu amefunga mlango, wewe unatafuta ufunguo?"

Mama Otieno wa meza ya jirani alicheka mpaka akashika tumbo. "Muulize kama anataka dirisha pia!" Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nikaendelea, kwa sauti ndogo. Mama Rehema amekataa mpaka wewe uje unishike kichwa.

Mama akaacha kuanika.

"Amesema mimi?"

"Wewe, Mama."

"Kwa kinywa chake?"

Nikaitika. Akageukia omena.

Jumatano, 10 Desemba

Bado sijui kama atakuja. Nimeota niko chini ya ziwa na samaki wadogo wanapita puani mwangu, wanaingia na kutoka, hakuna maumivu, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Nimeamka nikitabasamu. Nikashika pua. Imefungwa.

Ijumaa, 12 Desemba

Jioni Mama ameosha mikono kwa limau. Akanusa vidole. Akaosha tena. Nilidhani ana mkutano wa akina mama kanisani. Akajifunga leso safi, akasimama mlangoni.

"Haya, nyathina, mwanangu. Twende kabla sijabadili nia."

Nilisahau kuvaa viatu.

Kwa Mama Rehema hawakusalimiana sana. Mama alisema tu, "Ile mara ya kwanza hamkuniita." Bila hasira. Kama mtu anayetua mzigo.

"Tulikukosea, Mama Akinyi. Njoo ukae hapa."

Miaka hii yote nilidhani ni kanisa lililomfanya akichukie kipini changu. Sikuwahi kumfikiria akirudi na beseni kichwani, akikuta mtoto wake ameshikwa na mikono mingine.

Nilikaa mkekani, kichwa katikati ya magoti ya Mama. Viganja vyake juu ya masikio yangu. Dunia ikazimika. Nilisikia mvumo tu, mrefu, wa mbali, sijui ni damu yake au yangu. Midomo ya Mama Rehema ilisema bismillahi bila sauti. Sindano. Maumivu meupe, yakajaa macho yote. Mikono ya Mama haikuniachia. Ilinukia limau, na chini ya limau, samaki. Uzi mweusi ukapita. Fundo.

Jumapili, 14 Desemba

Kanisani wamenitazama. Uzi unaonekana kama sisimizi aliyepotea njia. Mwenyekiti wa akina mama akainama kutoka benchi la nyuma: "Mama Akinyi, nani amemharibu mtoto hivi?"

"Hajaharibika. Nilimshika mimi mwenyewe."

Akafungua kitabu cha nyimbo. Akaimba kwa nguvu kuliko kawaida, akitoka nje ya tuni kidogo. Mkono wangu ulibaki mapajani.

Jumatatu, 15 Desemba

Uvimbe umepungua. Uzi unatakiwa kupakwa mafuta ya nazi na kuzungushwa kila asubuhi, usinate. Mimi naogopa. Mama ndiye anayezungusha. Ananiambia nitazame dirishani, nami natazama. Manyunyu kidogo leo. Hakwenda Dunga.

Nilale kwa ubavu wa kulia, amesema, nisilalie jeraha. Mchana huu nimelala hivyo. Kwa upande huu namwona akichambua mchele, anapuliza makapi, ananitupia jicho, anarudi kwenye mchele.