Nimeitemea Mate Blogu ya Binti Yangu

Mpendwa mshauri Bi. Evanthia, naomba unisaidie haraka, maana nyumba yangu hapa Karditsa haina amani na anayejua sababu ni mimi peke yangu.

Nina binti, Polyxeni, na nikisema binti namaanisha binti, siyo hawa wa majirani, unga ukimwona unajikanda wenyewe, na ana blogu yake ya pai za vijijini kwetu, za mchicha, za maboga, za jibini, inasomwa mpaka Australia na watu wetu waliohamia huko wanalia wakiziona. Sasa ameiomba kampuni moja ya mtandaoni imwekee matangazo ili apate riziki bila kutoka hapa nyumbani, na kwa ajili hiyo ameipamba blogu kama bibi harusi, kaandika ukurasa wa kujieleza yeye ni nani, kapiga picha zote upya kwa mkono wake, kafuta kila alichowahi kuazima kwa wengine, na bado wamemkataa, na juzi wamemkataa tena.

"Mama," akaniambia, "wanasema kurasa zangu zimejaa maneno yanayojirudiarudia, hayamfai msomaji. Maneno gani? Mimi kila pai naiandika upya."

"Labda hawajui Kigiriki," nikamjibu, nikageukia sufuria yangu, maana Bi. Evanthia, maneno hayo ni yangu.

Unajua kwetu mtoto akisifiwa lazima umtemee kidogo, ptu ptu ptu, asipatwe na kijicho, na hawa wasomaji wanasifu bila breki, mara "mikono ya dhahabu," mara "malkia wa pai," na hatemi hata mmoja. Jirani yangu Stamatia ndiye kinara wao. Nilimuuliza hapo kwenye uzio, "Stamatia, umemsifu mwanangu mbele ya dunia nzima, mate yamekukauka?" Akanijibu, "Nitatema vipi kwenye simu, Asimina, na simu yenyewe bado mpya?" Basi nikaona kazi ni yangu. Niliishia darasa la sita lakini kwa simu sishindwi, kila asubuhi nikinywa kahawa naingia chini ya kila pai na chini ya kila sifa, najiita Mkristo Mwema, naandika kinga yetu ya kijicho: "Ptu ptu ptu, kitunguu saumu machoni mwenu." Polyxeni anadhani ni kichaa fulani wa Melbourne, na kwa huruma yake hajamfuta.

Sasa anasema wakimkataa tena anaifunga blogu, anakwenda Stuttgart kuosha vyombo kwenye mgahawa wa mjomba wake. Nikiyafuta, mwanangu anabaki bila kinga mbele ya macho ya watu, nisipoyafuta anaondoka, na nikimwambia ukweli hatanisemesha mpaka Pasaka. Msaada mwingine nimeshauandaa, wanawake wa kanisani wamekubali kwamba matangazo yakiingia watayabofya kila siku mpaka vidole vichoke. Lakini hili la mate, nifanye nini?

Asimina, mama yake Polyxeni

*

Asimina, dada yangu,

Kabla ya kukujibu nimeifungua blogu hiyo. Pai ya maboga imenitia njaa, nikashuka chini niandike neno la sifa, nikakuta naambiwa kitunguu saumu machoni mwangu. Mimi, mgeni, sijamkosea mtu. Sasa hao wa kampuni, wanaotafuta ukurasa wenye cha kumfaa msomaji, waone nini? Binti yako ametimiza yote aliyotakiwa. Wewe umemfunika kwa mate.

Sikucheki kwa kuogopa kijicho. Mimi mwenyewe nimewatemea wanangu, na wajukuu nawatemea. Lakini nawatemea wao. Polyxeni si yupo hapo jikoni? Mtemee hapo hapo, mshonee shanga ya buluu ndani ya koti, kichwa kikimuuma mwite mama anayesomea mafuta na maji dua ya kuondoa kijicho. Blogu haiumwi kichwa.

Na hao wanawake wa kanisani, wakataze leo. Matangazo yakibofywa na watu wa nyumbani ili kumwongezea mwenye blogu kipato, kampuni inahesabu huo ni udanganyifu na inaweza kumfukuza moja kwa moja. Mtakuwa mmemfukuzisha kwa mapenzi. Waambie wasome, wapike, watosheke.

Halafu usiyafute kwa siri. Umeshajificha vya kutosha nyuma ya Mkristo Mwema. Mkalishe chini umwambie, "Kichaa wa Melbourne ni mimi." Kisha myafute pamoja, wewe umwonyeshe yalipo, yeye ayaondoe, mpaka lisibaki hata moja, ndipo apeleke maombi tena. Sikuahidi kwamba watamkubali. Wakimkataa, angalau atajua kosa si la mkono wake.

Mwambie leo, kabla hajampigia mjomba. Atakasirika, tena sana. Mwache akasirike, mama. Akasirike akiwa Karditsa.