Mpira wa Ubiera

Jumanne, 6 Agosti

Nimeinuliwa kupasha misuli mara tatu, sikuingizwa hata mara moja. Simu ya zizini inalia — zizi ndio ua wetu nyuma ya uzio, tunakosubiri sisi warushaji wa akiba — kocha wetu Ortmann anapokea, ananinyooshea kidole. Narusha. Simu tena: kaa. Baadaye: inuka. Mipira ile haihesabiwi popote, ila begani mwangu.

Nikamuuliza Ortmann, huyu kocha mkuu, Dietz, ana shida gani na mimi? Akasema alitaka tu wapinzani wanione nikirusha, waingiwe na wasiwasi. Kumbe mimi ni sanamu ya kufukuzia ndege shambani! Umri wote huu kwenye besiboli, na hii ndiyo kazi.

Jumatano, 7 Agosti

Sikuinuliwa. Nimetafuna mbegu za alizeti mpaka ulimi umechubuka.

Pruitt, mrushaji mwenzetu, kapona kiwiko, anarudi Jumatatu. Kwa hiyo mmoja wetu zizini anaachwa. Hakuna aliyesema nani. Ila wote wameanza kunifanyia adabu — wananipisha kwenye benchi, wananiita Babu kwa sauti ya upole. Naichukia sauti hiyo.

Ijumaa, 9 Agosti

Mrushaji wao kampiga Lomax mbavuni kwa mpira, makusudi. Lomax wetu, kipenzi cha jiji, picha yake mpaka kwenye mabasi! Aliinuka, akaendelea kucheza. Haidhuru. Kesho mmoja wao lazima apigwe. Haimo kwenye sheria yoyote na hakuna asiyeijua. Mrushaji wa kisasi hufukuzwa uwanjani, kisha hufungiwa mechi kadhaa, ndiyo maana hachaguliwi mtu wa maana. Ortmann akatema maganda, akanitazama.

Baada ya mechi Dietz akanisimamisha koridoni. Apigwe mdakaji wao, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji pa kurusha, maana ndiye aliyeuagiza mpira ule. "Anayejitolea kwa ajili ya wenzake mimi huwa simsahau, Russ." Nikaitikia. Nikafurahi, hata. Jumatatu nitabaki!

Mdakaji wao ni Ubiera.

Jumamosi, 10 Agosti, asubuhi

Ubiera kaja kunywa kahawa, kama kila wanapokuja kucheza hapa. Tulipanga chumba kimoja miaka minne kwenye ligi za chini, tukilala ndani ya basi, tukila siagi ya karanga kwa kidole. Ndiye baba wa ubatizo wa mwanangu Josie.

"Ni wewe, sivyo?" kaniuliza. Nikammiminia kahawa. "Basi nipige matakoni, kaka. Huko nina akiba."

Maureen, mke wangu, kacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi sikuweza.

Kauliza bega linaendeleaje. Nikasema zima. Uongo mtupu. Tangu Jumanne mpira ukitoka mkononi sijui unaelekea wapi. Nilipaswa kumwambia. Lakini angesema nikatae, na nikikataa, Jumatatu begi langu liko nje.

Jumamosi, baada ya mechi

Simu ililia kipindi cha saba. Tulikuwa tunaongoza kwa sita, hakuna cha kuharibika. Ubiera akaja zamu yake ya kupiga, akagonga viatu kwa gongo, akajigeuza kidogo, akanipa upande wa nyuma. Kama mtu anayesubiri sindano.

Nililenga matakoni. Naapa. Bega likanisaliti, mpira ukapanda, akainua mkono kujikinga uso. Mlio wa mfupa niliusikia nikiwa palepale niliposimama.

Mwamuzi alinifukuza kabla sijafungua mdomo. Uwanja mzima ukanishangilia — mimi, ambaye hawajawahi kulijua jina langu! Ubiera alikuwa amepiga magoti, ameukumbatia mkono. Hakunitazama.

Tumeshinda. Muziki juu. Lomax kaniletea bia: "Babu, chakula cha leo juu yangu." Wengine wananipiga mgongoni, wanagonga bega lilelile.

Nitafungiwa, hilo najua. Na mchezaji akifungiwa, timu hairuhusiwi kujaza nafasi yake, inacheza ikiwa pungufu ya mtu. Isipokuwa kama si mchezaji wao tena. Nimeliwaza hili sasa hivi, bia mkononi. Dietz aliliwaza jana koridoni, akiwa amenishika mkono.

Mtunza vifaa kapita. Huyu hutania kila mtu, kila siku. Leo kaweka begi kubwa, tupu, mbele ya kabati langu, akaenda zake.

Ortmann yuko mlangoni. "Babu, mzee Dietz anakuita ofisini."

Nimemuuliza wamempeleka wapi Ubiera.

"Wanampiga eksirei ya mkono, ng'ambo ya korido. Lakini mzee kwanza."

Nimemwambia anisubiri, ninavaa viatu. Viatu ninavyo miguuni.