Yaliyoota Nyuma ya Salongo

Jumatatu, 12/8/2024

Musafiri amerudi toka Salamabila. Viatu vipya, simu mbili, heshima nusu. Ni mutoto wa marehemu shemeji yangu, nilimulea miaka mine hapa kwangu wakati mama yake alikuwa mugonjwa. Akakaa kwenye kiti changu, akasema: Mama mukubwa, lile pori karibu na kijito, nimeliomba kwa shefu, nitapanda kakao. Nikauliza pori gani. Akasema lile la ukoo, ambalo halijakatwa na mutu.

Halijakatwa! Nilicheka mpaka lile jino bovu likanikumbusha kama bado liko.

Pale ni shamba la marehemu mume wangu. Alilikata yeye, na shoka lake, mwaka Roger wetu alizaliwa. Tulilima mihogo, mahindi, karanga, mboga, mpaka vita ikatukimbiza. Tuliporudi tulilima karibu na nyumba, lile tukaliacha lipumzike. Miaka kumi na mbili sasa.

Na kwetu sheria ni moja, kila mutu anaijua. Aliyekata pori mara ya kwanza, udongo ni wake na wa wajukuu wake, hata akiuacha ulale. Pori ambalo hakuna aliyekata ni la ukoo wote, shefu anaweza kumupa anayeomba. Wale waliomuona mume wangu na shoka, wamekufa ao wamehama. Roger iko kwenye mashimo ya dhahabu, hata simu hapigi. Muke wake Sidonie iko hapa na watoto wane. Watakula wapi kesho? Pale.

Nikamuuliza Musafiri: wewe haukumbuki? Akasema nilikuwa mudogo, Mama mukubwa. Akaangalia simu. Ile ya pili.


Jumatano, 14/8

Nimetoka kule sasa. Miguu imechoka, roho inaruka. Mwalimu Célestine, yule anayetufundisha kuandika pale misheni sisi wazee ambao hatukuona masomo, alisema tuandike kila siku hata mustari moja, mukono usisahau. Leo moja haitatosha.

Udongo ukiachwa haukai uchi. Kwanza yanakuja yale majani yanayopenda watu, yale yanayonata kwenye nguo. Nyuma nyasi ndefu zinayanyima jua, yanakufa. Nyuma vichaka vya miiba vinafinya nyasi. Nyuma parasolie — ule muti mwepesi, majani kama mwavuli. Jina lake la Kizimba sitaliandika, Célestine hajatufundisha herufi za kutosha. Parasolie zinazaliwa zote pamoja kama watoto wa ubatizo mumoja, zinakua mbio, zinafunga jua. Na kivuli chao kinakataa hata watoto wao wenyewe. Chini ya parasolie hautakuta parasolie mudogo, tafuta mpaka jioni. Utakuta miti mingine, ile ya mbao ngumu, iko inangojea bila kelele. Siku parasolie zitazeeka na kuanguka, hiyo ndiyo itakuwa pori.

Nimezihesabu kwangu. Arobaini na moja, zote urefu mumoja! Nikavuka kijito, ng'ambo, kwenye pori la kweli: mbili tu, pale muti mukubwa ulianguka ukafungua jua. Kwangu hakuna muti mukubwa ulioanguka. Kwangu kulianguka shoka la mume wangu.

Nimemupelekea shefu neno, atakuja Jumatatu kuangalia kwa macho yake. Nitamupitisha muti kwa muti. Nimemuambia Sidonie: Jumatatu shefu anakuja shambani kwetu. Nimemuambia hayo tu, furaha ilinijaa mdomo.


Jumamosi, 17/8

Nataka kulia na nataka kupiga mutu.

Sidonie amekata parasolie zangu. Zote. Aliita wamama wa koro, wale anaoimba nao kanisani, kumi na wawili, na mapanga, wakafanya salongo, ile kazi ya mikono mingi, toka asubuhi huku wanaimba. Mimi nilikuwa kwa Célestine na kaye yangu ya kuandikia kama mujinga. Walikata, wakakokota matawi pembeni, halafu wakafagia. Wamefagia pori! Na ufagio wa uwanja!

Sidonie alikuwa amesimama katikati, jasho mpaka kwenye meno. Anasema: Mama, shefu hawezi kukuta shamba letu chafu, shamba safi ndilo liko na mwenyewe. Si nzuri, Mama?

Nilikaa kwenye kisiki. Nikamuambia: ile ilikuwa barua yangu kwa shefu, na wewe umeifagia. Hakuelewa. Nikamuelezea. Akaelewa, akakaa chini kwenye udongo na kikwembe chake kizuri cha koro, akalia kama mutoto wake wa mwisho.

Kosa ni la nani? Yeye alifanya kama mama yake alivyomufundisha: mukubwa akija, unafagia. Mimi ndiye niliyefunga mdomo. Nimemupa kiazi cha kuchoma. Amekula huku analia.


Jumapili, 18/8

Inje ya kanisa, mbele ya watu wote, Musafiri: "Mama mukubwa, umeona pori la ukoo linatolewa, umekimbia ulikate kwanza. Visiki viko vibichi, kila mutu ameviona."

Nilishika njia ya nyumbani bila kugombana. Mimi! Watu waliniangalia kuona kama nimeanza kufa.

Shefu ameitwa kule Kasongo kwenye mukutano. Atakuja akirudi. Bwana asifiwe kwa mikutano mirefu.


Alhamisi, 29/8

Mvua ya kwanza. Fupi, yenye fujo. Harufu ya udongo iliingia mpaka kitandani. Sidonie bado haniangalii, anapika tu. Chumvi inazidi.


Jumanne, 10/9

Kumeota! Mahali walifagia kumeota yote!

Nilienda tu kukusanya kuni. Nikainama — sikuinuka tena kwa muda. Kila mahali vidole vya kijani. Mbegu zilikuwa zimelala chini miaka yote hiyo, chini ya kivuli, chini ya majani makavu, zinangojea jua. Na nani aliziletea jua? Sidonie na ufagio wake.

Halafu nikakumbuka kitu: Musafiri ameshakata kidogo ng'ambo ya kijito, kando ya pori la kweli, mahali ataotesha miche ya kakao. Alikata siku zile zile, na mvua ni ile ile. Basi nikafungua kikwembe changu cha juu, nikakitandika kwangu kiwe kipimo. Nikahesabu kila namna ya jani iliyo kando ya upindo na chini yake: kwa kila namna, punje moja ya mahindi mufukoni. Nikavuka, nikatandika kikwembe kile kile kwa Musafiri. Punje mufuko wa pili. Mutu angepita angesema yule bibi anaogopa ardhi itasikia baridi.

Kwangu punje kumi na saba. Kwake sita. Kwake ni parasolie wadogo, majani ya kivuli, na kamba ya pori. Kwangu iko parasolie pia, lakini iko na yale ya kunata kwenye nguo, iko na nyasi za kwenye karanga, iko na majani niliyopalilia na mikono hii mpaka mugongo ukakunjika. Hayo ni majani ya mahali palipolimwa, nayajua kama maadui. Leo ningeyabusu.

Nimemuambia Sidonie. Amenikamata, amenizungusha mbele ya watoto. Nimemuambia aniache, nina mifupa.


Ijumaa, 13/9

Nimekimbia toka shambani kuandika.

Lengalenga nyekundu, ile mboga.

Si ile ya kijani ya kila mutu. Nyekundu, shina kama damu, jani lenye kujikunja pembeni. Mama wa mume wangu aliileta toka Kabambare alipokuja kuolewa, mbegu zimefungwa kwenye pembe ya kikwembe. Hapa hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Nilipanda pale, upande wa kijito, kila mwaka. Siku ya kukimbia nilibeba mutoto na sufuria, mbegu nikazisahau juu ya jiko. Nilitafuta baadaye, mpaka Lusangi niliuliza. Wananionyesha ya kijani. Nikaacha. Nikasema imekufa pamoja na mama-mukwe.

Haikufa. Iko. Nimehesabu ishirini na tatu, urefu wa kidole.

Nilikaa pale na yenyewe. Nilimupa mama-mukwe habari zote za miaka kumi na mbili, hata zile za jino.

Sidonie alileta maji. Akauliza anyweshe? Nikasema usiguse kitu, usifagie kitu, hata usipumue. Amecheka. Chumvi leo ilikuwa sawa.


Jumamosi, 21/9

Nitaandika yote kabla Sidonie hajaniuliza sahani za jioni.

Shefu alikuja saa tatu, matope mpaka magoti, moto, ile pikipiki yake, imemuachia njiani. Watu wengi. Musafiri alionyesha visiki: Shefu, hivi ni vya mwezi uliopita, ndiyo mara ya kwanza pori hili kukatwa. Shefu akasema Mama Roger, unasema nini?

Nilitandika kikwembe. Watu wakacheka. Nilihesabu mbele yao, nikavuka, nikahesabu tena, wakaacha kucheka. Nikampeleka shefu kwenye lengalenga. Imepita shibiri sasa, inawaka.

Musafiri: "Amepanda yeye, Shefu. Mutu anashindwa kumwaga mbegu?"

"Nimwage nini? Nionyeshe mutu mwenye hii mbegu toka hapa mpaka Lusangi, nimupe mbuzi wangu na kamba yake."

"Basi ni ndege wameleta."

"Ndege gani, wa Kabambare? Alipanda moto?"

Watu sasa walicheka upande wangu. Shefu akasema Mama Roger, nyamaza kidogo.  Yeye akakata jani, akatafuna, akaanza kusema namna gani ni vigumu, mbegu haina mdomo, na yeye alikuwa hajafika huku wakati ule. Niliona anaelekea kukata katikati, nusu kwangu, nusu kwa kakao. Sidonie alinishika mukono kwa nguvu.

Na wakati shefu anasema, Musafiri alichoka kusimama. Akachuchumaa pale pale. Mukono wake ukaanza kuchuma. Bila yeye kujua, macho yalikuwa kwa shefu. Anakata na kucha, juu kidogo, anaacha majani mawili chini ili iote tena, anageuza, analaza shina zote upande mumoja kwenye kiganja. Moja. Nyingine. Nyingine. Namna hiyo nilimufundisha mimi. Pale. Alikuwa na miaka saba, alikuwa anapenda kuimba akichuma.

Nilimufinya Sidonie mukono, asije akapiga kelele. 

Shefu aliacha maneno katikati. Akaangalia ule mukono muda murefu. Akauliza polepole: "Musafiri, baba, nani alikufundisha kuchuma lengalenga hivyo?"

Musafiri akaangalia mukono wake kama ni wa mutu mwingine. Fungu zima la mboga. 

Shefu akasema: Nitangojea jibu mpaka Jumatatu. Nataka litoke kwako, si kwa Mama Roger. Akaenda kusukuma moto yake.

Sasa ni saa kumi na moja. Musafiri iko kwenye mulango wangu. Amekuja kwa miguu, bila simu mukononi. Ameweka lile fungu la lengalenga kando ya jiko, akakaa chini, si kwenye kiti. Nilimuuliza umekuja kusema nini. Akasema, mama mukubwa, tulipotoka nayo kule shambani kwenu, ulikuwa unaweka mawese kwanza ao kitunguu kwanza? Nimesahau.

Nikamuambia mawese. Maji yanachemka. Analia ao ni moshi, sijui, sijageuka. Sidonie anauliza aweke sahani ngapi. Nimesema moja zaidi.