Kwa Wifi Yangu wa Chemba, Kuhusu Ndala ya Bluu

Mpendwa wifi,

Kwanza nimsalimie anayekusomea, maana najua miwani yako ilivunjika zamani na mpya hutaki. Wewe unayesoma, kama umenizidi umri, shikamoo. Kama ni mdogo, marahaba hata kabla hujanisalimia. Soma polepole, usiruke mstari. Na ukifika pale ninapojisema vibaya, usipunguze sauti. Barua hii nimeiandika wazi kwa makusudi, ili mtu yeyote wa Chemba itakayemfikia akupelekee.

Wifi, nyumba ya kaka yako hapa Ihumwa iko vilevile ulivyoiacha, ila imepoa. Tangu afariki, wewe ndiye uliyekuwa ukija kuichangamsha, ukiingia hivi unaanza kuvikosoa vyungu vyangu. Siku hizi naongea na redio, na redio haijibu.

Unakumbuka ile wiki ya laini yako ya simu? Ulikuwa mwaka wa korona, kila mlango una ndoo ya bomba na kipande cha sabuni. Laini yako ilikuwa imefungwa mpaka ukaweke alama ya kidole, tukaenda pale ofisi ya simu, jirani na Majengo. Nje walikuwa wamechora maduara ya rangi nyeupe, kila mtu na duara lake, juani. Mlinzi alitupima joto kwenye paji la uso, akasema tusimame na tusisogeleane. Hakusema kwa muda gani.

Ukasimama kidogo, ukanigeukia. "Hivi wifi, kule bombani kwenu huwa mnasimama nyie au zinasimama ndoo?"

Kabla sijajibu ulishavua ndala zako za bluu, ukazipanga katikati ya duara, ukaenda kukaa kivulini kwenye baraza la duka la nafaka. Nami nikavua zangu za kijani. Akafuata mzee mmoja na viatu vyake vya ngozi, akafuata mwalimu mmoja aliyekuja na daftari za kusahihisha. Baada ya muda foleni nzima ilikuwa viatu vitupu, wenyewe tumejaa barazani tunatafuna karanga zako, barakoa ziko kidevuni. Dada wa dirishani akachungulia, akaita "Anayefuata" mara mbili, anaziita ndala. Yule mlinzi naye akaziambia zisogee mbele. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Huyo dada wa dirishani sijamsahau. Alikaa nyuma ya nailoni, macho yakiwa kwenye simu yake, hakutuangalia hata mara moja. Salamu yetu haikujibiwa. "Una shida gani?" Ndivyo alivyoanza. Ukaeleza, ukaweka kidole, mashine ikakikataa.

"Mama, weka kidole vizuri."

"Mwanangu, ndicho hicho nilicho nacho. Alama zake zimebaki kwenye mpini wa jembe."

Hakucheka. Akasema mtandao hakuna, tuje kesho. Kesho yake akasema tuje kesho. Siku ya tatu kidole gumba cha kushoto kikakubali, nawe ukakibusu mbele za watu. Tukatoka mbio kabla mashine haijabadili mawazo, na ndani ya bajaji ndipo tukaona kwamba kila mmoja amevaa ndala moja ya bluu na moja ya kijani. Nikainama tubadilishane, ukauvuta mguu wako.

"Acha hivyo hivyo, wifi. Siku ukinikasirikia, utanifuata kudai kiatu chako."

Kumbe wa kukasirikiwa nilikuwa mimi.

Sasa wewe unayesoma, paza sauti. Ugonjwa uliporudi mara ya pili, habari za misiba zilikuwa zinaingia kila siku, na mimi nilikuwa naogopa. Sitasingizia kitu kingine. Wifi akatokea asubuhi bila taarifa, kwa sababu kati yetu taarifa haikuwahi kuhitajika. Kuku mkononi, unga wa uwele kichwani. Akafika getini akakohoa mara moja. Nani asiyekohoa akimeza vumbi la njia ya Chemba?

Wifi, nilikwambia kutoka ndani, nyuma ya wavu wa mlango, "Simama hapo hapo." Nikakuonyesha ndoo na sabuni kwa kidole. Nikakusogezea kigoda nje, juani, nikarudi ndani nikafunga. Chai nilikupa kwenye kikombe cha plastiki, na vile vya maua alivyotununulia kaka yako viko kabatini, unaviona. Halafu nikauliza, "Una shida gani?"

Ukasema, "Sina shida, wifi. Nimekuja tu."

Ulipomaliza chai nilikishika kile kikombe kwa mfuko wa nailoni nikakitupa shimoni. Nilidhani umeshageuka. Hukuwa umegeuka. "Haya wifi, asante kwa chai," ukasema kwa upole, ukaenda zako na jua lile. Kuku ulimwacha amefungwa kwenye mguu wa kigoda. Ndipo nilipokumbuka kwamba hata mkono sikukupa, na hata kama ilikuwa lazima nisikupe, uso nao nilikunyima.

Wifi, siku ile mimi ndiye niliyekuwa dada wa dirishani. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa hatujui.

Nikaanza kukupigia. Mwanzoni iliita tu, baadaye ikawa haipatikani. Mwaka huu ikapokelewa, nikaita wifi, kumbe ni mwanaume. Akasema ni fundi baiskeli wa Singida na namba ni yake, kainunua juzi. Nikamwomba radhi. Akauliza kwa upole, "Kwani mama ulikuwa unamtafuta nani?" Nikamsimulia habari zako, za karanga, za ndala, mpaka salio likakata. Ona nilipofikia wifi, nakusimulia kwa mtu asiyekujua.

Wiki iliyopita nikaenda ofisini kuuliza inakuwaje namba ya mtu anapewa mwingine. Siku hizi wameweka mashine ya tiketi, lakini imeharibika, kwa hiyo foleni bado iko nje. Yale maduara yamefifia, ila ukiyajua utayaona. Nikavua ndala zangu nikazipanga, bluu na kijani, nikaenda kukaa barazani peke yangu. Watu waliniangalia kama vile nimechanganyikiwa. Kisha akaja mama mmoja ana mtoto mgongoni, akaziangalia, akavua za kwake bila kusema neno, akazipanga nyuma ya zangu. Basi wifi, furaha iliyonipata pale sijui niieleze vipi. Niligeuka nikwambie, pembeni yangu kulikuwa na gunia la mtama.

Dirishani nikaambiwa namba isipotumika muda mrefu mfumo unaichukua. Nikauliza, mfumo ndio nani? Akaita anayefuata.

Usidhani nalia tu. Ule mzabibu tulioupanda ukutani umezaa. Kichala cha kwanza kilikuwa kichachu, nikakila chote, nikikunja uso unavyoukunja wewe. Asubuhi treni ikipita naacha kufagia nasikiliza mpaka ipotee. Juzi maji yalitoka siku mbili mfululizo, nikafua hata mapazia yaliyokuwa safi. Raha hizi ni za kweli, sikatai. Ila ni za kusimuliana, na mimi wa kumsimulia nilimwacha juani.

Mara mbili nimefika stendi nikarudi. Nauli ilikuwepo na miguu ni mizima. Aibu tu. Nilijiona nimesimama mlangoni kwako, nikaona nastahili wavu na kikombe cha plastiki.

Nisamehe, wifi yangu. Nilikukosea tukiwa wawili, nakuomba radhi mbele ya kila atakayesoma.

Idd ikipita, Ijumaa inayofuata, nitakuja. Sitapiga hodi kwa nguvu. Nitavua ndala zangu mlangoni, nizipange vizuri, moja yangu na moja yako, halafu nitakwenda kukaa pembeni palipo na kivuli. Ukizikuta, usinifuate kuniuliza nina shida gani. Sina shida, wifi. Nimekuja tu. Na kama utakuwa hujawa tayari, usizitoe, ziache pale pale. Zitanishikia nafasi.

Wako asiyekusahau,
Mke wa kaka yako, Ihumwa