Mahali pa Kupishana

Mjukuu wangu Mwita,

Shikamoo yako imefika. Marahaba nimeitikia kwa sauti mpaka mbuzi wakanigeukia. Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa.

Unauliza kama uondoe ile sehemu pana katikati ya ngazi kwenye ramani ya nyumba yetu, maana inakula nafasi ya chumba. Ngoja nikusimulie.

Tulipooana tulipanga ghorofani kule Sirari, tukiishi na baba yangu. Ngazi ilikuwa nyembamba, imenyooka, haina pa kusimama. Na unajua kwetu Wakurya, baba mkwe na mkamwana hawagusani. Bibi yako akisikia fimbo ya mzee inashuka, alirudi chini na ndoo yake ya maji.

Siku moja, akiwa mjamzito, alikuwa amefika katikati mzee alipoanza kushuka. Akageuka arudi. Mzee akamwambia, "Panda tu, mama. Leo nitarudi mimi."

Mzee mkaidi yule, hata fahali hakumpisha! Alipogeuka, fimbo ikateleza. Akaporomoka. Bibi yako akajibana ukutani, mzee akampita, naye hakuthubutu kunyoosha mkono.

Tukamzika. Aliyekuwa tumboni ndiye baba yako, na jina ni la mzee.

Mpaka leo bibi yako huniuliza, "Ningemshika, ningekosea?" 

Iache hiyo sehemu, Mwita. Chumbani tutabanana.

Babu yako, mwenye mwandiko wa kuku