Mshipa wa Otieno

Karungu, Jumamosi, Agosti 1997

Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua haijanyesha. Hata mimi niko hivyo hivyo. Nimelia kidogo, nimekasirika sana, na sijui hasa kinachoniuma ni nini.

Jana tulimzika Odhiambo, shemeji yangu. Hakuugua. Alikuwa akivuta nyavu kule kisiwani Remba, akashika kifua, akasema mgongo unapasuka, na kabla boti haijafika nchi kavu alikuwa ameshatuacha. Hakufika hata miaka thelathini.

Siku hizi kijana akifa watu hawaulizi, wanajua: ni ukimwi. Lakini Odhiambo hakukonda hata kidogo, kwa hiyo wakahamia kwenye uchawi. Kikulacho ki nguoni mwako, wakasema, na macho yao yakamgeukia mume wangu Otieno, mdogo wake, ambaye sasa ndiye mwenye boti.

Daktari kule Homa Bay aliyempasua marehemu alisema jambo lingine. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni ulivimba ukapasuka, kama tyubu ya baiskeli inavyovimba mahali palipochoka. Kisha akamtazama Otieno, ule urefu wake na vidole vyake visivyoisha kama vya marehemu, akampima kwa mashine. Mshipa wake nao umevimba. Bado haujapasuka. Akamkataza kukimbia, kuvuta na kubeba vizito, akampa vidonge, akasema upasuaji wenyewe haufanyiki huku kwetu.

Nilimuuliza kama kuna vijana wengine wanaokufa hivyo.

"Wapo, mama. Lakini wengi wanazikwa bila kupasuliwa, kila mtu akitaja lake. Hatujui ni wangapi."

Daktari hajui! Mimi nitajua nini?

Otieno hana maumivu. Anakula ugali kunishinda, na ananitania kwamba nimeolewa na yai. Namtazama akiwa amelala na sijui nimwombolezee au nimcheke.

Leo ilikuwa tero buru, desturi yetu ya kufukuza kifo. Wanaume hukimbiza ng'ombe kwa mikuki na makelele mpaka nje ya kijiji, na ndugu wa marehemu ndiye anayetangulia. Nilimsihi Otieno abaki nyumbani.

"Nikibaki watasema nilimla ndugu yangu," akanijibu. Na hapo alisema kweli.

Nikaenda jikoni kwa mama mkwe, nikamweleza yote. Aliendelea kuchochea moto.

"Nyar Magunga," akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, "mtu anamaliza ugali peke yake halafu unaniambia ni mgonjwa? Wacha hayo maneno ya hospitali."

Nilitoka nikijua nimeshindwa.

Ng'ombe wakafunguliwa. Otieno akashika mkuki. Mara mama akatoka jikoni akipiga nduru, akajitupa chini, akamkumbatia Otieno mguu kwa mikono miwili. Wazee wakambembeleza, wapi! Hakuna mtu anayeweza kumpiga teke mama aliyefiwa. Mwishowe binamu yao akauchukua mkuki, ng'ombe wakaondoka, vumbi likatulia, na mama bado yuko pale chini ameng'ang'ania mguu. Wanawake wakatikisa vichwa. Uchungu wa mwana, wakasema.

Ilikuwa kilio au ilikuwa akili?

Nimemtazama jioni nzima akichambua omena, dagaa wa ziwani, na hajanipa hata jicho. Sithubutu kumuuliza. Nikimuuliza na ikawa ni kilio tu, basi nitajua kwamba niko peke yangu.

Otieno naye amenuna. Hasemi na mimi wala na mama yake. Na anune tu, maadamu ananuna akiwa hai.

Lakini Jumatatu boti inarudi ziwani, na nyavu ni za kuvutwa. Mama hawezi kupanda boti akamshike mguu huko.

Mimi je, nitamshika wapi?